Mwaka Niliomfanyia Kazi Madam Tisdell

Kwenye mazishi ya Madam Tisdell, mzee mmoja wa kanisa alisimama mbele akavitaja vyeo vyake. Alivitaja polepole, kama mtu anayepanda ngazi na kuvuta pumzi kwenye kila kipandio: mwendesha mashtaka hapa hapa Buffalo, mshauri wa meya katika mambo ya sheria, naibu wa mwanasheria mkuu wa jimbo la Ohio, kisha mwanasheria mkuu wa kanda nzima katika serikali ya taifa. Kila cheo kilipotajwa, watu waliitikia "amina". Mwishowe akasema, "Na baada ya hapo dada yetu akapumzika," akaketi. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, koti sijalivua, na magoti yalikuwa yananisukuma nisimame. Kwa maana mwanamke yule hakupumzika hivi hivi. Kati ya cheo cha mwisho na huko walikokuita kupumzika kulikuwa na mwaka mmoja ambao mzee aliuruka, labda kwa heshima, labda kwa kutoujua, na mwaka huo mimi niliuishi karibu naye kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle kanisani. Baada ya ibada tulishuka ukumbi wa chini kula. Mama mmoja aliyekuwa akipakua kuku na maharagwe aliniuliza, "Na wewe ulikuwa nani kwake, mwanangu?" Nikamjibu kwamba nilikuwa wakili katika ofisi yake. Akaniongezea kijiko cha maharagwe, akamgeukia mwingine. Jibu langu lilikuwa sahihi na halikuwa limesema kitu. Tangu siku hiyo sijatulia, na nimeona heri niandike.

Ya nyumbani Kitale, na jinsi nilivyofika Marekani kusoma, nayaacha; wengi wameshayasimulia ya kwao na yangu hayayazidi. Naanzia katikati ya muongo uliopita, mwaka wa mwisho ambao ningeweza kujiita kijana bila mtu kucheka. Nilikuwa nimemaliza shule ya sheria Louisville, nimekula kiapo cha uraia na cha uwakili, na nimeajiriwa kwenye tawi dogo la ofisi ya serikali iliyoshughulikia usalama wa wafanyakazi. Makao makuu ya kanda yalikuwa Columbus, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari ikiwa malori hayajakuzibia njia Cincinnati. Tawi letu lilikuwa vyumba vichache juu ya benki, na zulia lake lilinuka kahawa iliyowahi kumwagika enzi za watu wengine. Huko ndiko Madam alikotokea siku moja ya mwezi wa pili, bila taarifa, amevaa viatu vya theluji na kofia ya sufu, akatua mkoba wake juu ya meza yangu. "Wewe ndiye Lydia," akasema. "Nasikia unajua Kiswahili." Nikasema ndiyo, Madam. "Naitwa Lorraine." Ndiyo, Madam. Akacheka. Wamarekani hupenda kuitwa jina la kwanza hata wakiwa wakubwa zako, lakini ulimi wangu ulikataa katakata, ukarudi kwenye neno tunalowaitia wakubwa wa kike maofisini Kenya. Alijaribu kunirekebisha mara mbili tatu, halafu akaacha. Nadhani kwa siri alilipenda. Alikuwa mwanamke mweusi, mrefu, wa sauti ya chini, aliyeingia chumbani kama mtu aliyechelewa kwenda kwingine, na kwa kweli daima alikuwa anachelewa kwenda kwingine.

Alikuja kwa sababu ya moto. Majuma machache nyuma, ghala moja la South End, upande wa kusini wa mji ambako watu wanaishi karibu na viwanda vinavyowaajiri, lilikuwa limeshika moto kwenye mashine ya kufungia maboksi. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, ukazimwa upesi. Moshi ndio uliokuwa mkubwa. Hakufa mtu. Lakini watu wa zamu ile, wengi wao Wakongomani wa Kivu waliopokelewa kama wakimbizi, walikuwa wanasema jambo ambalo kampuni ililikana: kwamba walipokimbilia milango ya dharura waliikuta imefungwa. Mkaguzi alipofika, milango ilikuwa wazi. Ilibaki neno la watu dhidi ya neno la kampuni, na neno la watu lilikuwa kwa Kiswahili. Kwa kawaida mkubwa wa cheo chake angetuma mtu. Yeye alitaka kuketi nao mwenyewe.

Tulikwenda mapema jioni kwa Mama Furaha, mjane wa makamo aliyefanya kazi kwenye ghala lile na ambaye wenzake walimsikiliza. Sebule ya nyumba yake ya kupanga ilikuwa imejaa makochi manne makubwa, kila kochi na kitambaa chake cha kufuma, na televisheni iliyowaka bila sauti. Kulikuwa na bugali, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, na samaki wa chumvi ambaye harufu yake ilitupokea ngazini. Mama Furaha alimwita binti yake alete maji ya kunawa. Binti akajibu kutoka chumbani, kwa Kiingereza, kwamba anakuja, na asije. Basi mama akaleta mwenyewe. Madam alinawa, akamega bugali kwa vidole kama alivyoona tukifanya, akachovya, akala, na hakusema yale maneno ya wageni kuhusu ladha. Alisema tu, "Mwambie aanze popote anapotaka."

"Bon, dada avoka," Mama Furaha akaniambia, kwa sababu kwao wakili ni avoka, "umuambie hivi. Siku ya moto, moshi iliingia, tukakimbia kwa mulango ya nyuma. Mulango iko na cheni. Tukakimbia kwa ya pili. Cheni. Donc tukarudia mule mule mwenye moshi, tukatokea pale banapakizaka makamyo. Mie nilikuwa nashika mukono ya mutu, sijue hata ni nani."

Nikatafsiri. Makamyo kwao ni malori. Madam akauliza kwa nini milango ilifungwa.

"Banasema tunaiba! Tunaiba nini? Mule iko viatu ya bazungu barefu. Angalia mie. Angalia miguu yangu." Akaunyoosha mguu wake mdogo juu ya zulia, na sote tukacheka, hata Madam kabla sijatafsiri. Halafu Mama Furaha akaacha kucheka. "Na kule Columbus, kwenye ghala ya patron ule ule, dada yangu mudogo Sifa iko natumika. Nako milango iko na cheni. Mpaka leo. Kule moto tu njo haiyafika."

Nilipotafsiri hayo, kwamba tajiri yule yule ana ghala jingine Columbus, Madam aliacha kula. Alinitaka niyarudie, nikayarudia. Kwenye gari, tulipovuka reli, akasema, "Louisville ni kesi ya jambo lililokwisha kutokea. Columbus ni kitu kingine." Na juma lililofuata nilihamia Columbus.

Nikikumbuka majira yale ya kuchipua, nakumbuka miguu yangu zaidi ya kitu kingine chochote. Haikukaa. Nilipanga chumba cha chini kwa Wambui, nesi tuliyefahamiana kanisani, aliyekuwa na nyumba Westerville pamoja na mumewe. Kitongoji cha nyasi zilizokatwa sawasawa, ambako Wakenya wenzetu walichoma nyama kwenye gereji Jumamosi na kuulizana nani amepata kazi gani. Asubuhi moja nilimsikia Wambui jikoni akimwambia mumewe, "Huyu Lydia anatembea-tembea huko chini kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Sijui serikali imemfanya nini." Serikali ilikuwa imenipa kazi niliyoipenda mno. Nilimwona Sifa na wenzake mmoja mmoja, kwenye maegesho ya duka la vyakula, kwenye duka la kufulia nguo kwa mashine, popote ambapo msimamizi wao asingepita. Sifa alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye tabia ya kusimama karibu na mlango hata dukani. Wote walisema lile lile. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa na ushahidi wa kutosha kwenda kwa jaji kuomba amri ya dharura, minyororo ikatwe siku hiyo hiyo. Nilimpelekea Madam, akasoma akiwa amesimama dirishani, akasema, "Kazi safi." Halafu akaiweka mezani na haikutoka hapo.

Sikujua kwa nini, mpaka nilipomsikia kupitia mlango wake. Ofisi yake ilikuwa na zulia nene kiasi kwamba mlango haukufunga kabisa, na meza yangu ilikuwa nje yake. Mchana ule alikuwa anazungumza na mtu wa Washington, na sauti ile ya chini ilikuwa imepanda kidogo. "Ni heshima kubwa kwangu," alikuwa akisema. "Hapana, naelewa. Naelewa kwamba ana rafiki zake." Akasikiliza. "Uvumilivu naujua, bwana. Nimeufanyia kazi miaka mingi." Baadaye akaniita, akaniambia kwa ufupi, kama anayesoma hali ya hewa: jina lake lilikuwa limependekezwa kwa wadhifa mkubwa kabisa katika fani yetu, mwanasheria mkuu wa wizara nzima, Washington. Ulihitaji kuthibitishwa na maseneta. Mmoja wa maseneta hao alikuwa rafiki wa zamani wa wenye maghala. Hakuna aliyemwomba afute kesi. Waliomba tu kwamba lisitokee jambo la kelele kabla ya kikao chake, na kikao kilitarajiwa vuli. "Tutawaandikia kampuni, tutawaonya," akasema. "Wataifungua milango wenyewe kama walivyofanya Louisville." Hawakuifungua. Walijibu kwa ukurasa wenye adabu nyingi kwamba milango yao inafuata kanuni zote.

Kiangazi hicho kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuona. Kila king'ora cha zimamoto kilichopita mtaani nilikisikiliza mpaka nijue kimeelekea wapi. Nilianza kuendesha gari hadi kwenye ghala lile wakati wa chakula cha mchana, nikaegesha ng'ambo ya barabara, nikala mkate wangu nikilitazama, jengo refu la kijivu lisilo na madirisha, kisha nikarudi ofisini nikiwa na njaa ile ile. Sasa, nikiwa na umri unaokaribia ule wa Madam wakati huo, naelewa vizuri zaidi alichokuwa amebeba. Wakati huo nilijua tu kwamba nimekasirika, na hasira ya kijana ni kitu kisichopenda kukaa kwenye kiti. Siku moja tulikuwa tunakunywa chai ya asubuhi kwenye mkahawa ulio chini ya ofisi, yeye na mayai yake mawili asiyoyamaliza, nikamwambia, "Madam, kama tunangoja kwa ajili ya sheria, nieleze ni sheria gani. Kama ni kwa ajili ya uteuzi, sema ni uteuzi."

Nilitarajia anifukuze. Alipangusa mdomo kwa kitambaa, akanitazama moja kwa moja. "Ni uteuzi," akasema. "Lydia, nimewaandikia wanaume wanne hoja walizopandia vyeo. Mmoja wao hakujua hata kutamka jina la kesi niliyomshindia. Zamu yangu imefika mara moja, na haitarudi. Na nikiwa kule juu, sitafungua milango ya ghala moja. Nitafungua ya nchi nzima."

"Na Sifa?"

"Namwombea Sifa kila siku," akasema, na kwa jinsi alivyolisema niliamini kwamba ni kweli, na kwamba aliona haya kwamba ni kweli. Alilipa, tukapanda juu kila mmoja na lifti yake.

Mama Furaha alikuja mwenyewe, mwezi wa nane. Alikuwa amepanda basi kutoka Louisville, amevaa kitenge chake cha kanisani, na alipofika mapokezi alitaja jina langu na jina la Madam akaketi, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja kliniki. Madam alimpokea ofisini kwake, akampa kiti kizuri. Mama Furaha hakukigusa kiti hicho kwa mgongo, alikaa ukingoni.

"Dada avoka, muulize: dada yangu anaingia leo kwa zamu ya mchana. Ile cheni mutatosha lini?"

Kutosha, katika Kiswahili chao, ni kutoa. Madam akaniambia nimjibu kwamba kesi inaandaliwa na itapelekwa mahakamani vuli. Nikatafsiri kila neno na hakuna neno lililonikaa mdomoni vizuri.

"Vuli njo nini?"

"Septemba, Oktoba. Majani yakianza kuanguka."

Mama Furaha alitazama nje. Miti ya Columbus ilikuwa kijani kabisa. "Majani," akasema. Akasimama, akamshika Madam mkono kwa mikono miwili, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, akasema, "Bon. Mie nitamutosha Sifa kule kazi leo. Kama iko nakataa, nitamuvuta." Nikatafsiri. Madam akaitikia kwa kichwa. Baadaye Sifa mwenyewe aliniambia alikataa. Alimwuliza dada yake, nikiacha kazi nyumba nitalipia na nini, wakakaa kwenye kitanda cha Sifa wakalia kidogo, kisha Sifa akavaa viatu vya kazi akaenda.

Watu huniuliza, wachache wanaoijua habari hii, kama ni ziara ile iliyombadilisha Madam. Ningependa kusema ndiyo. Ingekuwa hadithi nzuri. Lakini siku iliyofuata alikuwa vile vile, na ya pili yake pia. Kilichombadilisha, kwa kadiri nilivyosikia kupitia mlango ule usiofunga, ni simu nyingine. Mtu wa Washington alikuwa amerudi, na safari hii hakuomba subira. Mazungumzo yalikwenda kwa muda, Madam akisema "mm" na "mm", halafu akasema, "Hebu rudia hilo." Likarudiwa. "Kwa hiyo Columbus itolewe kwenye kesi kabisa. Si baadaye. Kabisa." Na hapo nikaisikia sauti yake ikishuka badala ya kupanda, ikashuka mpaka ilibidi niache kupumua ili niisikie. "Mwezi wa tano mlitaka nisubiri, nikasubiri. Nikikubali hili, nikifika kwenye kiti hicho mtataka nini?" Sijui alijibiwaje. Aliweka simu chini. Nilimsikia akitembea, dirishani, mezani, dirishani, na kwa mara ya kwanza nikatambua kwamba na yeye miezi yote ile alikuwa hakai. Kisha mlango ukafunguka wote. Uso wake ulikuwa mkavu na wa kawaida. "Ile hati yako ya mwezi wa tano," akasema, "bado ni safi?"

"Ni safi, Madam."

"Basi vaa koti la mahakamani."

Alitia sahihi juu ya kaunta ya masjala ya mahakama, kwa kalamu ya kuazima, na mchana wa siku hiyo jaji alitoa amri. Tulifuatana na maofisa wa mahakama hadi kwenye jengo lile la kijivu. Msimamizi alisema funguo zimepotea. Ofisa mmoja, mnene, mpole, akasema si neno, akaenda kwenye gari lake akarudi na mkasi mkubwa wa chuma. Watu walikuwa wameacha kazi, wamesimama kati ya maboksi. Mnyororo ulikatika kwa mlio mdogo kuliko nilivyodhani, ukaanguka sakafuni, ofisa akausukuma mlango kwa bega, na mwanga wa saa kumi ukaingia ndani mpaka kwenye mashine. Sifa alikuwa mstari wa mbele. Alitazama huku na huku kama anayeomba ruhusa, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akatoka. Akasimama nje kwenye nyasi. Akatazama juu, akatazama viatu vyake. Kisha akarudi ndani, akashika boksi lake, akaendelea na kazi. Nilimgeukia Madam. Alikuwa ameuma mdomo wa chini.

Natamani ningeweza kuishia hapo. Jina lake liliondolewa kimya kimya kwenye mapendekezo; alisoma habari hiyo gazetini, mstari mmoja katikati ya habari nyingine. Ofisini watu walianza kumpitia mbali kidogo, kama sakafu iliyotoka kupigwa deki. Majalada makubwa yakaanza kwenda kwa wengine. Na kabla majani hayajaanguka, kampuni ilitangaza kwamba inafunga zamu yote ya Mama Furaha kule Louisville, zamu ile ile iliyotoa ushahidi, kwa sababu za kibiashara. Madam aliposikia alichukua funguo za gari. Tulikwenda pamoja, hakuruhusu niendeshe, na kwenye ukumbi wa kanisa la South End tuliwakuta watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, wengine na watoto magotini.

Mama Furaha ndiye aliyesimama. Hakupiga kelele. "Mulitutosha mu moshi," akasema, "mukatutosha na mu kazi. Sasa mumekuja kututosha wapi tena?" Baadhi walicheka kicheko kisicho cha furaha. Nikaanza kutafsiri nikilainisha, na Madam akaniwekea mkono begani. "Usilainishe. Nimeuona uso wake." Nikatafsiri kama ilivyosemwa. Madam akasimama mbele yao, na mwanamke yule ambaye niliwahi kumsikia akihutubia majaji watatu bila karatasi hakuwa na hotuba. Alisema, "Ni kweli. Nilijua wangeweza kuwalipiza kisasi na nilichelewa kuwakinga. Kuwafukuza watu kwa sababu walisema ukweli ni kosa kisheria. Tutawashtaki kwa hilo pia. Sijui tutashinda lini. Sitaki kuwadanganya kwamba ni karibu." Watu wakanong'onezana. Mwishowe mwanamume mmoja akauliza waandike majina yao wapi, na wakaanza kuja mmoja mmoja. Mama Furaha alikuja wa mwisho. Alipomaliza hakumwambia Madam asante, wala Madam hakuitarajia. Alimwuliza tu kama amekula, na alipojibiwa hapana, akamletea sahani.

Kesi hiyo ilichukua muda mrefu na ilimalizika nusu kwa nusu, kama zinavyomalizika nyingi. Wengine walirudishwa kazini, wengine walikuwa wameshahama. Mama Furaha alikwisha kupata kazi ya kutunza wazee na hakutaka tena kuliona ghala. Lakini hayo ni ya miaka ya mbele. Mwaka wangu uliishia Buffalo. Mwezi wa kumi na mbili Madam alijiuzulu, na kwa kuwa alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho asiweze kuendesha, nilimpeleka mimi, gari limejaa maboksi na mimea yake, kupitia Cleveland na kando ya ziwa, theluji ikitupiga ubavuni. Tulifika kwa baba yake Ijumaa. Alikuwa mzee sana, aliyefanya kazi kiwanda cha chuma ujana wake wote, sikio moja limekufa, na alikuwa amekaanga samaki kwa mikono yake kwa ajili yetu. Jikoni kulikuwa na joto la kulevya, meza ya plastiki ya rangi ya krimu, na ukutani picha za binti yake kila alipoapishwa. Nafasi moja ilikuwa imeachwa wazi, na msumari umeshapigwa. Nikaelewa kwamba hajamwambia.

Mzee alingoja mpaka tumeomba. "Sasa," akasema kwa sauti kubwa ya viziwi, "Washington lini?"

"Siendi, Baba."

"Nini?"

"Siendi Washington."

Mzee aliweka uma chini. Alimtazama binti yake, akitafuna taratibu. "Wamekukataa, au umewakataa?"

Nilijua ningejibu nini kama ningekuwa yeye. Nadhani mtu yeyote angejua. Madam alinyanyua macho, lile jekundu na lile zima. "Wamenikataa wao," akasema. "Mimi niliwapa tu sababu. Na nilichelewa kuwapa."

Mzee akauliza, "Ulichelewa sana?"

"Kiangazi kizima."

"Kuna mtu alikufa?"

"Hapana. Kwa bahati."

"Basi kula," mzee akasema, na akamsogezea samaki mkubwa zaidi. Madam akala. Ndiyo mara pekee niliyomwona akimaliza chakula.

Baada ya kula simu yangu iliita, nikatoka nayo barazani kwenye baridi. Ilikuwa ofisi ya Columbus, mkubwa mpya wa muda. Walijua namfuata Madam Buffalo na walidhani sirudi. Madam alikuwa ameniahidi nafasi katika ofisi ndogo ya mawakili aliyotaka kufungua Buffalo, kutetea wapangaji, na nilikuwa nimeshaipenda hata kabla haijafunguliwa. Kesi ya watu waliofukuzwa Louisville ilikuwa imepangiwa kusikilizwa Jumatatu Columbus, kampuni ilikokuwa na makao yake, mkubwa mpya akasema, na kama sipo wataomba iahirishwe, na pengine ingekuwa vyema zaidi kuiahirisha. Nikasema nitampigia. Niliporudi ndani Madam alikuwa anakausha sahani. Hakuniuliza ni nani. "Mimi ndiye niliyejiuzulu, Lydia," akasema bila kugeuka. "Watu wa South End hawajajiuzulu. Nenda." Nikamwambia sijui kama nitaweza kukaa katika jengo lile bila yeye. "Hutakaa," akasema. "Hujawahi kukaa hata siku moja. Nenda hivyo hivyo."

Nilirudi peke yangu siku iliyofuata, redio imezimwa, nikirudia hoja kwa sauti kutoka Erie mpaka Mansfield. Jumatatu asubuhi chumba cha mahakama Columbus kilikuwa na baridi. Upande wa kampuni kulikuwa na mawakili wanne wenye suti za rangi moja. Upande wetu kulikuwa na meza ndefu na kiti changu. Nyuma yangu, kwenye mabenchi, nilisikia Kiswahili cha chini chini, watu waliofika kwa basi wakitafuta mahali pa kuweka makoti. Jaji aliingia, akafungua jalada, akatazama upande wetu juu ya miwani yake, akauliza ni nani anayesimama kwa niaba ya serikali.

Nikasimama.